Picha Iliyoganda Si Ridhaa

Wasomaji wa ukurasa huu wamenizoea nikiandika juu ya bajeti, katiba na mwenendo wa vyuo vyetu vikuu. Leo ninaandika juu ya kabati la chuma lililomo katika nyumba ya marehemu baba yangu, upande wa Tinde, mkoani Shinyanga. Kabati hilo, likisaidiwa na uvivu wangu wa kufikiri, nusura limkoseshe dada yangu haki yake mbele ya ukoo mzima. Ninalisimulia jambo hili hadharani kwa sababu aliyemkosea mtu mbele ya watu hapaswi kumwomba radhi chumbani.

Baba alifariki mwishoni mwa msimu wa mavuno. Matanga yalipoanuliwa kila mtu alirejea alikotoka: mimi chuoni, kaka yangu kwenye biashara yake mjini Kahama, na dada yetu mkubwa Katoro, mkoani Geita, ambako kwa miaka mingi amekuwa akiwapikia chakula wachimbaji wadogo jirani na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Kikao cha ukoo cha kuzungumzia mirathi kilipangwa kufanyika wiki tatu baadaye. Wanaoujua utaratibu wetu wanafahamu uzito wa kikao cha namna hiyo. Muhtasari wake, ukiwa na majina na saini za waliohudhuria, kwa mazoea ndio unaoambatanishwa na maombi ya kumteua msimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo. Yanayosemwa chini ya mti hufika mezani kwa hakimu.

Siku mbili kabla ya kikao, mtoto wa dada alilazwa hospitalini. Safari haikuwezekana. Mimi, kama msomi wa familia, nikajitokeza na suluhisho: dada ashiriki kwa simu ya video. Nilikuwa nimemnunulia baba ruta ya kutumia laini ya simu mwaka mmoja kabla, ili aweze kuwaona wajukuu zake. Nilikuwa pia nimechagua mahali pa kuiweka: ndani ya kabati la chuma katika chumba cha ndani, waya wa umeme ukipita kwenye tundu la nyuma, mlango ukifungwa kwa ufunguo. Nilitaka iepukane na vumbi, wezi na mikono ya watoto. Wakati ule nilijiona mtu mwenye busara.

Tuliketi chini ya mwembe nyuma ya nyumba, watu wapatao arobaini. Baba mdogo ndiye aliyeongoza. Simu yangu iliwekwa juu ya kigoda, imeegemezwa kwenye birika, na uso wa dada ukaonekana. Aliwaamkia wazee kwa heshima, nao wakamwitikia. Ilipofika hoja ya shamba, mzee mmoja alipendekeza kwamba ekari 12 pamoja na ngitili yake zibaki kwa watoto wa kiume, na binti apewe ng'ombe wawili. Dada akainua mkono. Tukamsikia akisema, "Baba mdogo, mimi nina neno," kisha sauti ikakatika na picha ikaganda, mkono ukiwa bado juu.

"Binti, tunakusikiliza," alisema baba mdogo. Alirudia mara tatu. Kigodani palikuwa na sura isiyotikisika.

Wazee wakanigeukia mimi. Nilijibu bila kutafakari hata kidogo: "Ni mtandao wa huko Geita, baba mdogo. Mambo ya machimboni, si ya kuaminika."

Mzee aliyetoa pendekezo akasema kwamba ukoo hauwezi kukaa juani kungojea mtandao, na kwamba aliyenyamaza amekubali. Katibu akaandika: binti mkubwa alishirikishwa kwa njia ya simu na hakuwa na pingamizi. Karatasi ikazungushwa, watu wakatia saini. Nami nilitia.

Usiku, nikiwa nimekaa chumba cha ndani nikitafuta chaji ya simu, kabati likiwa wazi, ujumbe wa sauti uliokwama tangu mchana ukaingia. Ulikuwa wa dakika nne. Dada alisema: "Mdogo wangu, nimesema peke yangu mpaka nikalia. Niliwaona mmeganda wote, baba mdogo mdomo wazi. Nilisema sikubali. Mmenisikia?" Kisha akaongeza jambo ambalo limenikaa moyoni hadi leo. Katika chumba kile alichokuwamo, kijana wa jirani alikuwa akitazama mpira kwenye simu yake saa ileile, na picha yake haikukatika hata mara moja.

Kulipopambazuka nikafanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kikao. Nilimpigia dada simu ya video nikiwa nimesimama mbele ya kabati, mlango wazi. Picha ilikuwa safi. Nikafunga mlango, picha ikaanza kufifia na kuvunjika vipande vipande. Nikatoka chumbani nikapita ukuta wa kwanza wa matofali ya kuchoma, kisha wa pili. Sauti ikaanza kurukaruka. Nikapita ubavuni mwa tangi kubwa la maji lililo pembeni ya nyumba, nikafika chini ya mwembe. Picha ikaganda palepale ilipoganda jana yake. Nilihesabu hatua nikirudi: thelathini na mbili. Sauti ya dada yangu ilikuwa imesafiri kutoka Katoro hadi nyumbani kwetu bila shida, ikapotelea katika hatua thelathini na mbili za ua wa baba yake.

Naomba nieleze sababu zake, kwa kuwa wengi wetu tunatumia vyombo hivi kila siku pasipo kuvifahamu. Ruta ya laini ina safari mbili za kuhudumia. Ya kwanza ni kati ya mnara na ruta. Ya pili ni kati ya ruta na simu iliyo mkononi. Tunapolalamika kwamba "mtandao ni mbovu" huwa tunaifikiria ile ya kwanza, kwa sababu mnara ni wa watu wengine. Ile ya pili ni yetu wenyewe, na mara nyingi ndimo picha inamofia. Kabati langu lilizidhuru zote mbili kwa pamoja.

Mawimbi ya Wi-Fi ni mawimbi ya redio. Yale ya masafa ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi. Ya gigahezi 5 yana urefu wa sentimita 6 hivi. Chuma huyarudisha yalikotoka, kama ukuta unavyorudisha mpira. Ndiyo maana kabati la chuma, mlango wa bati na paa la mabati ni maadui wake wakubwa. Maji nayo huyanyonya. Tangi lililojaa, ukuta uliolowa mvua, majani mabichi ya mwembe, hata miili ya watu arobaini waliokusanyika, vyote hupunguza nguvu ya wimbi linalopita. Matofali hayalizuii kabisa, lakini kila ukuta hutoza ushuru wake. Umbali nao hutoza wake: mahali pa wazi, ukiuzidisha mara mbili, nguvu inayokufikia inabaki robo. Masafa ya 5 hubeba mzigo mkubwa zaidi ila huchoka upesi mbele ya kuta, ya 2.4 hufika mbali zaidi, lakini yamejaa vyombo vingi, zikiwamo oveni za maikrowevu katika nyumba za wenye nazo.

Kuna pia jambo la ugawaji. Ruta moja huhudumia vifaa vyake kwa zamu. Siku ile ya kikao wajukuu walikuwa sebuleni wakitazama katuni, na majirani kadhaa walikuwa wameunganishwa, kwa kuwa neno la siri lilikuwa mwaka wa kuzaliwa kwa marehemu na kijiji kizima kiliujua. Simu iliyo mbali, inayopokea wimbi dhaifu, hulazimika kuzungumza na ruta polepole, na hivyo hula muda mwingi wa wenzake huku yenyewe ikiambulia kidogo.

Wapo watakaouliza mbona katuni hazikukatika. Filamu iliyohifadhiwa huvutwa mapema na kuwekwa akiba ndani ya simu. Mtandao ukiyumba kwa sekunde kumi, mtazamaji hula akiba yake asijue lolote. Mazungumzo ya ana kwa ana hayana akiba. Neno ambalo dada hajalitamka haliwezi kuvutwa mapema, na lililochelewa njiani halina tena mahali pa kuingia. Kwa hiyo katika nyumba ileile, kwa ruta ileile, katuni iliendelea kuchekesha watoto sebuleni wakati binti wa nyumba alikuwa amezibwa mdomo uani. Laiti ningejua, ningezima kamera zote mbili tukabaki na sauti, maana sauti peke yake huhitaji sehemu ndogo sana ya njia ambayo picha huihitaji.

Hayo ndiyo ya ufundi. Yanayonisumbua zaidi ni yale niliyoyatamka mimi. Kwa nini ulimi wangu ulikimbilia Geita?

Nadhani sisi tuliokaa mijini tumelipachika eneo lote la machimbo jina la porini. Tunaposikia Katoro, Nyarugusu au Lwamgasa, tunawaza maduara, vumbi na vurugu. Tunasahau kwamba dhahabu huvuta miundombinu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Geita yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012. Mahali penye wanunuzi, wenye karasha, wakala wa fedha kila kona na vijana maelfu wenye simu, kampuni za simu hazihitaji kubembelezwa ili kusimika minara. Inapokuwa vijiji vya wakulima wa pamba na mtama, huko ndiko Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, hulazimika kutoa ruzuku ili mnara ufike. Kwa hesabu hiyo, kijiji chetu ndicho kilichostahili kutiliwa shaka kwanza, na nyumba yetu kabla ya kijiji. Lakini nyani haoni kundule.

Na kuna la pili. Hata kama tatizo lingekuwa la Geita, je, ingekuwa halali kuandika kwamba dada hakuwa na pingamizi? Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi tuliutafsiri ukimya wa kifaa kuwa ridhaa ya mtu, na tafsiri hiyo ilikuja kwa urahisi kwa sababu ilitufaa sisi tuliokuwa pale. Nijitaje vizuri: katika zile ekari 12, ilinifaa na mimi.

Shinyanga ina historia katika jambo hili. Wajane wawili wa mkoa huu, mafundi cherehani, walifika Mahakama Kuu kupinga Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lililowanyima urithi baada ya waume zao kufariki. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba mila hiyo ina ubaguzi, lakini ikakataa kuibatilisha. Rufaa yao ilikwama mwaka 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake ikatamka kwamba haki zao zilivunjwa. Wakati huohuo, tangu mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20, inasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Sheria hiyo ni kama mnara ule ninaouona kutoka uani kwetu. Umesimama, taa yake inawaka. Kati yake na mwanamke aliye chini ya mwembe zipo kuta, na kuta hizo tumezijenga wenyewe.

Nilimwendea baba mdogo asubuhi ileile. Nilimweleza kila kitu, pamoja na yale maneno yangu juu ya Geita. Yule mzee wa pendekezo alikuwapo, naye akasema hayo ni mambo ya mitambo, ukoo umekwisha kuamua na saini zimekwisha kutiwa. Baba mdogo alinyamaza kwa muda. Katika ujana wake alikuwa karani wa kupima pamba katika chama cha msingi. Hatimaye akasema, "Mizani ikionekana mbovu, pamba hurudiwa kupimwa, hata kama risiti imeshaandikwa." Akamtuma mtoto kumwita katibu.

Tulikutana tena Jumamosi iliyofuata. Safari hii niliitoa ruta kabatini nikaiweka juu ya dirisha linaloutazama mnara, kimo cha mtu, kwa waya mrefu wa umeme. Nilibadilisha neno la siri. Tulihamishia kikao barazani, hatua saba kutoka dirishani. Kabla ya hoja yoyote, baba mdogo alimtaka dada ataje kwa sauti majina ya watu watatu anaowaona, naye akawataja. Kisha akampa nafasi.

Alizungumza kwa dakika kumi na moja. Alikumbusha kwamba ni fedha ya uji na maandazi ya Katoro iliyolipia mabati ya nyumba ile na dawa za baba katika miaka yake ya mwisho. Hakudai shamba zima. Alidai asihesabiwe kama mgeni. Alipomaliza, hakuna aliyesema mara moja. Picha haikuwa imeganda. Ni sisi tulioganda.

Sitawadanganya kwamba mambo yote yalikwisha vizuri. Wazee wawili walikataa kutia saini muhtasari mpya. Ugawaji wa shamba haujakamilika. Lakini ile sentensi ya kwamba hakuwa na pingamizi ilifutwa, na dada amependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi pamoja na kaka yetu. Maombi yamekwisha kufikishwa mahakamani.

Kwa nini nimewachosha wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma kwa habari za ua wa baba yangu? Kwa sababu nchi yetu inazidi kuendesha mambo yake kwa picha zinazosafiri angani. Mashauri yanasikilizwa kwa video, halmashauri zinaitisha vikao kwa video, usaili wa kazi na utetezi wa tasnifu vinafanyika kwa video. Kila mahali nimesikia mwenyekiti akiuliza kama kuna mwenye swali, akingoja sekunde tatu, na kuendelea: "Naona hakuna." Anaona nini hasa? Anaona miraba yenye sura zilizoganda. Mtu wa upande wa pili huenda anapiga kelele ndani ya nyumba ya mabati, mvua ikinyesha, kifurushi kikiwa kimebaki kidogo.

Tusichanganye mambo, hata hivyo. Zipo picha zinazokatwa na kuta, na zipo zinazokatwa na uamuzi. Tarehe 27 Januari 2016 wananchi walielezwa kwamba televisheni ya taifa isingeendelea kurusha moja kwa moja vikao vya Bunge kama ilivyozoeleka, na sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Hapo hapakuwa na tangi la maji wala matofali. Lakini somo linafanana: mwananchi asiyeona na asiyesikika haipasi ahesabiwe miongoni mwa waliokubali.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo machache ambayo hayahitaji bajeti. Anayeitisha kikao cha video ndiye awajibike kuthibitisha kwamba njia iko wazi, akianzia upande wake: ruta iwe mahali pa wazi na pa juu, mbali na chuma na maji, karibu na watu watakaoitumia, na waya utumike panapowezekana. Njia ikidhoofika, kamera zizimwe ili sauti ipone. Sauti ikikatika, uamuzi unaomhusu aliyekatika usubiri. Na katibu wa kikao, awe wa ukoo au wa wizara, asiandike "hakuwa na pingamizi" pale anapopaswa kuandika "hakusikika".

Kabati la chuma bado lipo. Dada ameomba lihifadhi hati na nakala za muhtasari, mlango wake ukiwa umefungwa kwa ufunguo. Kwa kazi hiyo, linafaa sana.